Printa nzima, kompyuta mpya, kazi imelala

KIPYA kinyemi ingawa kidonda, walisema wahenga, na lau wangekuwa na steshenari Ngamiani wangeusema msemo huo kila wanapofungua boksi la kompyuta. Mwenye duka anajibana miezi kadhaa, anaiuza kompyuta yake kuukuu kwa bei ya kutupa, ananunua nyingine inayong'aa, anaifikisha dukani asubuhi na kuchomeka waya wa printa aliyoizoea miaka yote. Printa inawaka taa ya kijani kama kawaida yake. Kompyuta inasema haiijui. Wakati huo wateja wameshajaa barazani.

Tatizo hili ni la kila mji, lakini katika ukanda wa Tanga lina uzito wake, kwa sababu huku steshenari ndiyo ofisi ya wasio na ofisi. Mkulima wa machungwa wa Muheza, mwenye shamba la iliki na mdalasini kule Amani, mama anayelima mwani Mkinga, mvuvi wa Pangani, mfugaji anayepeleka maziwa kituoni kila alfajiri, wote hao wakitaka katiba ya kikundi, maombi ya namba ya mlipakodi, muhtasari wa kikao, mkataba wa kukodisha shamba au ankara yenye kontroli namba, huenda kwa dada au kijana wa steshenari. Duka hilo likikwama, kukwama kwake hakuishii pale pale.

Tuchukue mfano tu wa hesabu. Duka linalotoa kurasa 200 kwa siku kwa shilingi 100 kila moja linaingiza shilingi 20,000. Siku tatu za kumsubiri fundi ni shilingi 60,000 zilizopotea, na hapo hujamhesabu mteja aliyehamia kwa jirani na akanogewa huko.

Nami yamenikuta, ingawa upande wa mteja. Machi 2009 kikundi cha wakulima wa machungwa wilayani Muheza, ambacho ndani yake nina jamaa, kiliniomba nikipelekee mjini Tanga maombi yake ya mkopo. Fedha zilikuwa za kukodi lori, ili msimu ukianza wapeleke machungwa sokoni wenyewe badala ya kuwauzia walanguzi yakiwa bado mtini. Maombi yalichapwa kwenye kompyuta mpya kabisa, yenye Windows Vista na Office 2007, yakachomwa kwenye CD. Wakopeshaji walitaka nakala ya karatasi na ya diski, na ile ya karatasi tulipanga itolewe mjini. Siku ya mwisho ilikuwa Ijumaa, saa tisa na nusu alasiri.

Nilifika ofisini pale mapema. Niliomba wanisaidie kuitazama diski kwanza. Kompyuta ya mapokezi ilikuwa ya Windows 98. Ikaimeza CD, ikanguruma, ikanyamaza. Kijana wa mapokezi, kwa adabu zote za shikamoo mzee, akanirudishia akisema diski yangu ni tupu. Nikakimbilia kwenye kafe ya intaneti, nikakuta wenyewe wamefunga, wamekwenda kuswali Ijumaa. Walipofungua, kompyuta yao ya Windows XP iliisoma CD bila taabu, lakini faili lilipofunguliwa vikajaa vijisanduku na herufi za ajabu, maana wao walikuwa na Office 2003 na faili letu lilikuwa la aina mpya ya docx. Microsoft ilikuwa imetoa bure programu ndogo ya kuziwezesha Office za zamani kusoma docx. Programu hiyo ilizidi MB 25, na hiyo ni kabla mkonga wa SEACOM haujaanza kazi Dar es Salaam Julai mwaka huo. Tuliisubiri saa nzima na ushei. Faili likafunguka, tukabonyeza kuchapa, na printa ikawasha taa ya njano na kukataa kata kata, ingawa karatasi zilikuwamo.

Nilirudi mlangoni pale saa kumi kasoro robo. Walikuwa wameshafunga. Duru nyingine ya maombi ilikuwa baada ya miezi sita, na machungwa ya msimu ule yaliuzwa mtini, kwa bei aliyoitaja mnunuzi.

Nimeisimulia habari hii kwa urefu kwa sababu moja. Siku ile hakikuwepo kifaa hata kimoja kibovu. CD ilikuwa nzima, kompyuta zote tatu zilikuwa nzima, printa ilikuwa nzima. Vilikuwa havielewani tu. Na mtu asiyejua tofauti ya ubovu na kutoelewana ndiye anayeuza kama chuma chakavu printa ambayo ingemlisha miaka mitano zaidi.

Mkalimani anayekufa kabla ya mashine

Kompyuta haizungumzi na printa moja kwa moja. Katikati yao kuna programu ndogo ambayo mafundi huiita draiva, na kazi yake ni ile ya mkalimani mahakamani: kompyuta inasema lugha yake, draiva inaigeuza, printa inasikia. Mkalimani huyo huandikwa na kiwanda cha printa kwa ajili ya toleo fulani la Windows. Toleo likibadilika sana, mkalimani wa zamani hafai tena, na kiwanda kisipoandika mwingine, printa inakuwa bubu ingawa mota yake bado inazunguka.

Windows XP ilitoka mwaka 2001 na ikatawala maduka yetu kwa miaka mingi. Vista iliingia sokoni Januari 2007 na ndiyo iliyoanza kuvuruga mambo, kwani ilibadilisha namna draiva zinavyoandikwa. Windows 7 ilifuata Oktoba 2009, Windows 10 Julai 2015, na Windows 11 Oktoba 2021. Microsoft iliacha kuihudumia XP Aprili 2014, Windows 7 Januari 2020, na Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025. Kuacha huku kwa Windows 10 ndiko kulikowasukuma wenye maduka wengi kununua kompyuta mpya, na ndiko kunakozidi kulileta tatizo mezani kwa mafundi.

Sababu yake ni hii. Kuna Windows ya biti 32 na ya biti 64. Ile ya biti 32 ni ya zamani na haiwezi kutumia kumbukumbu inayozidi GB 4. Windows 11 hutolewa kwa biti 64 tu. Draiva ya biti 32 haifanyi kazi ndani ya Windows ya biti 64, hata uibembeleze vipi, na printa nyingi za miaka ya mwanzo ya 2000 ziliandikiwa draiva za biti 32 peke yake.

Mfano unaojulikana sana ni HP LaserJet 1010, iliyoingia sokoni mwaka 2003. Yeyote aliyefanya kazi ya steshenari anaikumbuka, ndogo, nyeupe, na tona yake ni ile ya namba 12A inayotoa kama kurasa 2,000. Tona hiyo hiyo inaingia kwenye 1018, 1020, 1022 na nyinginezo, na ni rahisi kuijaza unga upya. Ndiyo maana wenye maduka hawataki kuachana na ukoo huu wa printa. Lakini Windows 7 ya biti 64 ilipoingia, 1010 haikupata draiva yake. Mafundi wa dunia nzima wakagundua ujanja: unaipa draiva ya printa nyingine ya HP, LaserJet 3055, ile iliyoandikwa PCL5, na 1010 inakubali. Ni sawa na kumpa Mdigo mkalimani wa Kisegeju. Hawatasikilizana yote, lakini shauri litakwisha.

Ujanja huo unatufundisha jambo la kuuliza kabla ya kununua printa ya mtumba. Zipo printa zenye akili yake, yaani zinaelewa lugha ya uchapaji inayotumiwa na wengi, kama PCL iliyobuniwa na HP, au PostScript ya Adobe. Hizi hufa kwa uzee, si kwa kukosa mkalimani, kwa sababu ikikosekana draiva yake yenyewe utaipa ya jumla na itachapa. Na zipo zile za bei nafuu ambazo kazi yote ya kufikiri hufanywa na kompyuta, printa ikipokea tu. LaserJet 1020, kwa mfano, haina hata programu yake ya kudumu ndani. Kila ukiizima na kuiwasha, kompyuta huipakia upya. Printa za namna hii ni nzuri kwa kazi na nafuu kwa bei, ila uhai wake umefungwa kwenye draiva. Mwuzaji wa mtumba ni nadra akuambie hayo. Fungua simu yako pale pale dukani, tafuta jina kamili la printa pamoja na maneno Windows 11 na biti 64, kwenye tovuti ya kiwanda chenyewe. Usipoiona draiva, bei iwe ya kubahatisha.

Na ukishaipata draiva inayofanya kazi, itunze. Nasisitiza hili kwa sababu mwezi Septemba 2023 Microsoft ilitangaza kwamba itapunguza hatua kwa hatua, na hatimaye kuacha, kusambaza draiva za viwanda vya printa kupitia huduma yake ya masasisho. Tangazo hilo halina maana kwamba printa ya zamani itazimika usiku mmoja. Maana yake ni kuwa utaitafuta draiva kwa kiwanda mwenyewe, na kiwanda kikiiondoa kwenye tovuti, ndiyo basi. Weka nakala kwenye fleshi, andika jina la printa juu ya fleshi hiyo kwa kalamu ya wino usiofutika, na usimwazime mtu.

Kwa anayenunua printa mpya, tazama kwenye boksi kama yameandikwa maneno Mopria au AirPrint. Printa za namna hiyo zinaelewa lugha ya pamoja inayotumiwa hata na simu za mkononi, na hazihitaji mkalimani wa pekee. Mteja akija na risiti yake ndani ya simu, unaitoa bila kupitia kompyuta.

Vipi aliyekwisha kununua kompyuta mpya, naye printa yake ya zamani imegoma? Asiitupe ile kompyuta kuukuu. Iache pembeni na Windows yake ya zamani, iondoe kabisa kwenye intaneti, na iwe na kazi moja tu, kuiendesha printa hiyo. Tahadhari yake ni virusi vya kwenye fleshi za wateja, kwa hiyo faili lipite kwanza kwenye kompyuta mpya yenye kinga. Njia nyingine ni kuipa kompyuta hiyo Linux, ambayo ni ya bure na inazijua printa nyingi ambazo Windows imezisahau, zikiwemo hizo 1010 na 1020. Wenye kumbukumbu watakumbuka kwamba Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kiliwahi kuwa na mradi wa Kilinux, ambao mwaka 2004 ulitoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi inayozungumza Kiswahili. Haikupata umaarufu iliostahili, na hilo nalisema kwa masikitiko.

Sitaki pia kuwasahau wale wenye printa zinazolia kama cherehani, zinazogonga utepe wa wino, kama Epson LX-300. Wenye maghala na mawakala wa forodha huzipenda kwa sababu zinachapa ankara yenye nakala za kaboni kwa mpigo mmoja, kazi ambayo printa ya tona haiiwezi. Shida yake ni tundu. Waya wa nyingi za zamani huingia kwenye lile tundu pana la pini 25 la kompyuta, na kompyuta za leo hazina. Waya wa kugeuza kutoka USB upo madukani, na kwa kuwa printa hizi huelewa maandishi ya kawaida, draiva ya jumla ya maandishi matupu inatosha kuziamsha.

Karatasi, umeme na hewa ya pwani

Turudi kwenye ile taa ya njano ya mwaka 2009. Wamarekani hawatumii karatasi ya A4. Wao wana yao iitwayo Letter, yenye upana wa milimita 216 na urefu wa 279, wakati A4 ni 210 kwa 297. Kompyuta nyingi zikitoka boksini zimepangwa Kimarekani, na faili likiandikwa humo linabeba kipimo hicho popote liendapo. Printa ikiambiwa Letter na trei ikawa na A4, baadhi hujitegemea na kuchapa, nyingine hukaa na kusubiri. Wapo wanaodhani imeharibika na kumwita fundi, fundi anabonyeza kitufe kimoja na kudai elfu kumi. Dawa yake ni kwenda kwenye mpangilio wa ukurasa, kuchagua A4, na kisha kuifanya A4 iwe ya kudumu katika Word na katika mipangilio ya printa.

Mashine za mtumba zinazotoka Marekani zina jingine. Umeme wa kule ni volti 120, wetu ni 230. Kompyuta za mkononi huwa na chaja inayokubali zote mbili, lakini printa kubwa na mashine za fotokopi mara nyingi hazina uvumilivu huo. Soma kibandiko cha nyuma. Kikiandika 110 hadi 127 peke yake, utahitaji transfoma, na mashine ya tona hunyonya umeme mwingi inapopasha moto, hivyo transfoma ndogo itaungua nayo. Katriji za wino nazo zina ukabila. HP na wengine huzigawa kwa maeneo ya dunia, na printa iliyozoea katriji za eneo moja yaweza kuikataa ya eneo jingine ingawa namba zinafanana.

Hewa yetu ni adui ambaye hayumo kwenye kitabu cha maelekezo. Msimu wa masika karatasi iliyolala wazi Tanga mjini au Pangani hunywa unyevu. Ikipita kwenye joto la printa ya tona hujikunja, huganda kwa mwenzake, na kukwama ndani. Mwenye duka analaumu mashine. Toa karatasi za kazi ya siku hiyo tu, rimu iliyobaki ifunge kwenye mfuko wake, usiache karatasi kwenye trei usiku. Hili halina gharama yoyote.

Risiti za mashine za kodi, zilizoanza kutumika nchini mwaka 2010, huchapwa kwa joto kwenye karatasi maalumu, bila wino. Joto na jua huzifuta. Zitolee kopi mapema, la sivyo siku ya ukaguzi utamwonyesha ofisa karatasi nyeupe.

Kuchoma CD

Neno letu la kuchoma ni sahihi kuliko wengi wanavyodhani. Ndani ya CD tupu kuna tabaka la rangi, na mwale wa leza huiunguza rangi hiyo nukta kwa nukta. CD hubeba MB 700 au dakika 80 za muziki, DVD ya kawaida GB 4.7.

Biashara hii ilishamiri sana Tanga, na haishangazi. Huu ni mji wa Black Star na Lucky Star, vikundi vya taarabu vilivyosikika Afrika Mashariki nzima. Harusi ilikuwa haijaisha mpaka DVD yake iwe imefika Unguja, Mombasa na Muscat. Maulidi, mahafali, kaswida za madrasa, kwaya za makanisa, vyote vilipita kwenye vichomeo vya mitaani. Na malalamiko yalikuwa yale yale: nyumbani kwa mwenye duka inaonyesha, kwa mteja haionyeshi.

Mara nyingi kosa lilikuwa kwenye swali moja ambalo Windows huuliza. Kuanzia Vista, ukiweka diski tupu unaulizwa uitumie kama fleshi, au uitumie kwenye deki ya CD na DVD. Jibu la kwanza ndilo huja limeshachaguliwa, na wengi hubonyeza tu kuendelea. Diski ya namna hiyo husomwa na kompyuta za kuanzia XP, lakini si Windows 98, na deki na redio nyingi haziioni kabisa. Hicho ndicho kilichoipata CD yetu ya Muheza. Chagua la pili kila mara unapompa mtu mwingine diski.

Jambo la pili ni kuifunga. Diski isiyofungwa mwishoni mwa uchomaji husomwa na kichomeo kilichoichoma na pengine isisomwe na kingine. Programu nzuri huifunga yenyewe. Nyingine zina kijisanduku cha kuweka alama ya vema. Halafu kuna aina mbili za DVD, ya alama ya kutoa na ya alama ya kujumlisha. Ya kutoa ndiyo iliyotangulia, mwaka 1997, na deki za zamani huipokea vizuri zaidi. Kama mteja ana deki kuukuu, mpe hiyo. Na usichome kwa mwendo mkubwa uliopo eti upate diski nyingi kwa saa. Diski za bei rahisi zikichomwa kwa kasi huwa na makosa mengi, na deki yenye jicho lililochoka ndiyo inayoyaona.

Kwa picha za video, sisi na Waomani tunatumia mfumo wa PAL, lakini ndugu aliyeko Marekani au Kanada deki yake ni ya NTSC. Ukimpelekea DVD ya PAL ataona picha nyeusi na nyeupe inayokimbia, au asione kitu. Nyimbo za MP3 nazo zikichomwa kama mafaili haziimbi kwenye redio ya zamani isiyoijua MP3. Kwa redio hiyo lazima uchome CD ya muziki, na zitaingia nyimbo kumi na tano hivi badala ya mia.

Lipo suala la kuipamba diski. Wengi walibandika stika ya karatasi. Hewa ya pwani huilegeza gundi, stika hupinda upande mmoja, diski inayumba inapozunguka kwa kasi. HP ilileta teknolojia ya LightScribe, ambayo diski inageuzwa na leza hiyo hiyo inachora jina juu yake, lakini ilitaka kichomeo maalumu, diski maalumu na programu maalumu, na imeshaachwa. Aliyeweka akiba ya diski zake amebaki na mapambo. Njia iliyodumu ni printa za wino zenye trei ya diski, kama Epson L800 na L805. Kazi ya diski ilipopungua, wenye printa hizo waligundua kwamba trei ya kadi ikiwekwa mahali pa trei ya diski, mashine ile ile inatoa vitambulisho vya plastiki vya wanafunzi na wanachama. Huo ndio ujasiriamali.

Nitaje na sheria, maana wapo waliofilisiwa nayo. Sheria ya Hakimiliki ya mwaka 1999 hairuhusu kuchoma na kuuza nyimbo au filamu za watu bila ridhaa, na kuanzia mwaka 2013 kazi hizo zilitakiwa ziwe na stempu ya kodi. Harusi ya mteja ni mali ya mteja, haina ugomvi.

Leo simu na fleshi zimechukua nafasi, na kompyuta nyingi za mkononi huja bila mahali pa kuweka diski. Lakini kinyume chake kimezaa kazi. Kila nyumba ina DVD za harusi, za msiba wa babu, za mahafali, na hakuna tena cha kuzisomea. Kifaa cha nje cha USB kinachosoma na kuchoma DVD kinatosha kuanzia biashara ya kuzihamishia kwenye fleshi. Kikikwamakwama kwa kukosa nguvu, tumia waya wenye vichwa viwili vya USB, kwani tundu moja la USB ya kawaida hutoa miliampia 500 tu. Aliye na kaseti ndogo za MiniDV, walizotumia wapiga video wa miaka ya 2000, aharakishe zaidi. Kamera zake ziliunganishwa kwa waya wa FireWire, ambao kompyuta mpya hazina mahali pa kuuchomeka, na Sony ilisitisha utengenezaji wa kaseti hizo Februari 2025. Utafute kompyuta kuukuu ya mezani yenye tundu hilo. Ile ile niliyosema usiitupe.

Kwa mkulima na mchuuzi asiye na duka, ambaye yeye ni mteja tu, mwombe dada wa steshenari akuhifadhie kazi yako kama PDF pamoja na faili lenyewe la kuandikia. PDF ilibuniwa na Adobe mwaka 1993 na tangu 2008 ni kipimo cha kimataifa, na ubora wake ni kwamba ukurasa unabaki vile vile kila unakofunguliwa. Faili la kuandikia ni la kusahihishia. Kisha jitumie vyote kwa barua pepe au WhatsApp, maana fleshi huanguka kwenye daladala.

CD ile ya kikundi cha Muheza ninayo hadi leo. Hivi karibuni niliiweka kwenye kifaa cha nje, kwenye kompyuta ya Windows 11, bila matumaini makubwa. Ikasomeka mara ya kwanza, faili la docx likafunguka bila hata kijisanduku kimoja, na majina ya wanakikundi wote yakajipanga, wakiwemo ambao tumeshawazika. Nikabonyeza kuchapa ili niwapelekee wenzao. Printa ikawasha taa ya njano. Ilikuwa inaomba karatasi ya Letter.